Sindano Iliyokuwa Mbali

Wiki chache kabla sijastaafu, mwenzetu mmoja kijana, mwenye cheti kizuri na miaka minne kazini, alinijia na kichupa cha maji ya uti wa mgongo akaniuliza kwa nini yana weupe. Alidhani kichupa hakikuoshwa vizuri. Nilifurahi, maana kufanya kazi miaka minne bila kuona maji meupe ya mtoto si jambo dogo. Kisha nikaanza kuhofu, kama ilivyo desturi yangu. Ugonjwa ambao vijana hawaujui kwa sura ni ugonjwa ambao siku moja wataona hauna haja ya kuchanjiwa. Ndiyo sababu nimekubali kuwaandikia ninyi mnaobaki kazini. Vyeo na mishahara nitaviacha, kwa kuwa vyangu vilikuwa vidogo na havina la kumfundisha mtu. Nitaandika jinsi kazi ilivyokuwa Arua na Koboko, huku karibu na mpaka wa Sudan na Zaire, wakati homa ya uti wa mgongo ilipokuwa ikija na kiangazi, na hasa juu ya mtoto mmoja, Yusufu, ambaye mama yake alimwombea sindano ambayo hatukuwa nayo.

Mimi ni mtu wa Aroi, karibu na Arua. Vita vya sabini na tisa vilinikuta shule ya msingi, na yaliyofuata baada ya vita yalitupeleka Zaire, mimi na wazazi wangu na mbuzi mmoja ambaye hakufika. Tuliporudi nilipata nafasi katika chuo cha maabara, na mwishoni mwa miaka ya themanini nikaanza kazi Arua nikiwa na cheti kipya na wasiwasi wa zamani.

Mkuu wa maabara aliitwa Mzee Ezra. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti jeupe lililofuliwa hadi likaanza kuonyesha shati. Siku ya kwanza hakunionyesha vyumba wala kunitambulisha kwa watu. Alinionyesha dirisha. Hadubini yetu haikuwa na taa, ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kushika mwanga wa jua. Asubuhi meza ilikaa upande wa mashariki, mchana tuliibeba kwenda upande wa pili. Siku za mawingu tuliomba Mungu. Umeme ulikuwapo, lakini katika waya za nje tu, ambako ndege walikalia bila kudhurika.

Kisha akanionyesha gazeti. Lilikuwa limebandikwa ukutani karibu na dirisha, limegeuka rangi ya chai, na herufi zake zilikuwa ndogo. Ukiletewa maji ya uti wa mgongo, alisema, usikimbilie hadubini. Ishike chupa mbele ya gazeti. Kama unasoma maandishi kupitia maji hayo kama kawaida, shukuru, kisha endelea na kazi polepole. Kama herufi zimefifia kama umeziangalia kupitia maji yaliyooshewa mihogo, mwambie daktari kwanza, rangi utaweka baadaye. Ukurasa ule ulikuwa wa matangazo ya vifo. Sijui kama aliuchagua kwa makusudi. Nimeliwaza jambo hilo kwa miaka mingi na sijapata jibu.

Tatizo langu lilikuwa neno moja. Kila aliponiuliza ninaona nini katika hadubini, nilijibu kwa "labda". Labda ni vimelea, labda ni masalia ya rangi, labda ni uchafu wa kioo. Nilipaka rangi upya, nikaangalia upya, nikarudi mlangoni kuhakikisha kwamba taa ya spiriti nimeizima, nikakuta nimeizima, nikarudi tena. Mzee Ezra alivumilia hadi siku moja akaniambia, bila kuinua macho, kwamba daktari anangoja neno langu na mtoto anamngoja daktari, basi hiyo labda yangu niiweke mfukoni hadi jioni, nikafe nayo nyumbani. Sista Candiru, aliyesimamia wodi ya watoto, alikuwa mlangoni akasikia. Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine kwake. "Bwana Labda," alikuwa akiniita toka ng'ambo ya uwanja, "leo iko nini?" Wagonjwa nao wakadhani ndilo jina langu la ubatizo.

Mzee Ezra alinifundisha wadudu watatu wa ugonjwa huu, na ninyi mnawajua kwa vitabu. Wa kwanza ndiye wa milipuko: wawili wawili, kama maharage yaliyotazamana matumbo. Huyo huja na upepo mkavu na hachagui sana umri. Wa pili ni wawili wawili pia, lakini wenye ncha, rangi ya zambarau. Wa tatu ni vijiti vifupi vyekundu vilivyopauka, hemofilasi, na huyo anawapenda watoto ambao hata kukaa vizuri hawajui. Yeye haleti mlipuko. Anakuja mwaka mzima, mtoto mmoja leo, mwingine wiki ijayo, bila kelele, kwa hiyo hakuna anayemwitishia mkutano.

Katika miaka ya mwanzo ya tisini, kiangazi kimoja kilikuja na yule wa kwanza. Chupa ziliongezeka dirishani. Nyingi zilitoka Koboko. Watu wa wodi wakaanza kulaza watoto wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku na huyu kichwa kule. Waliokuja mapema walipona. Waliochelewa walikufa, au waliondoka na mguu usiotembea, au jicho lisiloona, au masikio yaliyofungwa. Kisha habari ikaja kwamba chanjo ya mlipuko imeletwa, na timu itakwenda Koboko. Mimi nilitumwa kuchukua sampuli na kulinda masanduku ya baridi. Sista Candiru alitumwa kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na neno lake zito.

Kiongozi wa timu alikuwa daktari kijana kutoka mbali, mtu mzuri, mwenye mpango ulioandikwa vizuri. Alituma gari lenye kipaza sauti kuzunguka mji na vijiji, likitangaza kwamba kesho watu wote waje uwanja wa mpira, wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule, wasimame mistarini na majina yataitwa. Sisi tulichora mistari hiyo kwa chokaa. Ilinyooka sana. Nilipima joto la masanduku, nikalipima tena, nikaweka barafu, nikaitoa nikiogopa chanjo isigande, nikairudisha. Niliwaza kila kitu ambacho kinaweza kuharibika katika sanduku. Juu ya mistari hakuna hata mmoja wetu aliyewaza.

Asubuhi uwanjani tulikuta mbuzi. Mji ulikuwa kimya. Tulipokuwa tunatangaza jana yake, watu walikuwa wanafunga vitu. Wengine walikuwa wameshapita Oraba na kuingia Kaya upande wa Sudan, wengine wamekata kwa miguu kwenda Zaire. Koboko nyumba nyingi ni za watu waliokuwa na baba au kaka jeshini. Baada ya serikali ya jeshi hilo kuanguka katika vita vya sabini na tisa, wakaja wenye bunduki na sauti ya gari, wakaita watu uwanjani, wakawapanga mistari, wakaita majina. Walioitwa hawakurudi. Na sisi tulikuja na gari lilelile la sauti, uwanja uleule wa wazi, na chokaa juu yake.

Daktari alikaa kwenye boneti ya gari. Sista Candiru alikuwa tayari ameshika fagio la majani anafuta chokaa. Alisema kwa Kilugbara, na mimi nikamtafsiria daktari kwa upole zaidi ya ilivyosemwa, kwamba hapa hakuna mtu atakayesimama mstari, hata wa kununua sukari, na kama tunataka kuwapata tufanye kama msiba: kila boma na mkeka wake, watu wakae, chai ichemke, na mwenye sindano ndiye atembee.

Ndivyo tulivyofanya. Imamu alisema baada ya sala, wanawake wakapeleka habari sokoni hadi ng'ambo ya mpaka, na watu wakaanza kurudi kidogo kidogo, mizigo bado imefungwa. Tulipita mkeka kwa mkeka tukiinama hadi viuno vikauma. Daktari alilalamika kwamba ni polepole. Akapewa chai. Akalalamika kidogo zaidi, akapewa tena, akaacha.

Mkeka mmoja ulikuwa wa Mama Zubeda. Alikuwa mwanamke wa Kinubi, msusi wa mikeka na vikapu, na mume wake alipakia malori Oraba. Alirudi kutoka Kaya siku ile ile, miguu bado ina vumbi. Sista alimtania kwamba amekimbia sindano kama mtoto. Mama Zubeda hakucheka. "Baba yangu alisimama mustari," alisema. "Mimi nitakaa."

Alikuwa na binti, Zubeda, wa miaka kama mitano, na mtoto wa kiume mapajani, Yusufu, mnene, anayejaribu kukaa na kuangukia upande. Zubeda alichanjwa akalia. Sista akanyanyuka kwenda mkeka mwingine, na Mama Zubeda akamshika gauni.

Amri yetu ilikuwa kuanzia miaka miwili. Chanjo ile ya mlipuko, tofauti na zenu za leo, mwili wa mtoto mchanga hauikamati. Ni kama kumsomea barua mtu ambaye bado hajajua lugha. Chupa za chanjo nazo zilikuwa za kuhesabu. Lakini Koboko wakati ule nani alikuwa na kadi ya kuzaliwa? Watoto walizaliwa Sudan, walizaliwa njiani, walizaliwa mwaka ambao muhogo ulioza. Tuliangalia meno na miguu. Mama Zubeda alijua tunachotafuta.

"Huyu iko miaka mbili," alisema.

Sista alimfungua Yusufu mdomo kwa kidole. "Mama, huyu iko meno mbili."

Wanawake wa mikeka ya jirani walicheka. Mama Zubeda alinigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilionekana ndiye dhaifu.

"Dada yake mumechoma. Huyu munaacha. Ugonjwa iko nauliza mutu miaka?"

Nilimweleza. Nilisema dawa hii haishiki kwa mtoto mdogo. Akasema kama haishiki basi haiharibu kitu, nimchome tu, moyo wake ulale. Nilifungua mdomo na nikasikia ile labda yangu inakuja. Maana swali lake lilikuwa zuri. Nilikuwa na jibu: kwamba chupa hiyo ni ya mtoto mwingine ambaye itamshika, na kwamba moyo uliolala huchelewa kumleta mtoto hospitali. Niliamini jibu hilo, na bado ninaliamini. Lakini ni jibu la mtu aliyesimama, na yeye alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Sista alinikatiza akasema kwa upole, "Mama, kama mwili yake iko moto, hapana ngoja. Kuja Arua. Hapana ngoja mume, hapana ngoja dawa ya miti. Kuja." Mama Zubeda aliachia gauni.

Sasa nitawaambia chanjo ilifanya nini, kwa sababu ndilo mnalouliza. Nilirudi dirishani, na kwa siku kadhaa chupa ziliendelea kuja nyeupe kama kwamba hatukufanya kitu. Nilikuwa na hakika kwamba barafu yangu iliua chanjo yote. Sikulala. Kisha watoto wakubwa wakapungua. Kisha nikashika chupa mbele ya gazeti nikasoma jina la marehemu na mahali alipozikwa, na ya pili nikasoma, na ya tatu. Mzee Ezra alisimama nyuma yangu akasoma naye kwa sauti. Sijawahi kumwona mtu akifurahia matangazo ya vifo namna ile. Wodini kila mtoto akapata kitanda chake.

Mvua ilikuwa imeshashika, na sote tulikuwa tunasema kwamba imekwisha, wakati lori la mbao kutoka Oraba liliposimama mbele ya wodi na Mama Zubeda akashuka na Yusufu kifuani. Hakuwa amengoja mtu. Mwili ulipata moto jioni, na alfajiri alikuwa barabarani akizuia malori. Yusufu alikuwa analia ule mlio mwembamba ambao mkiusikia mara moja hamtauliza tena ni wa nini, na utosi wake ulikuwa umevimba kama mkate.

Daktari alitoa maji. Nilishika chupa mbele ya gazeti, na sikuweza kusoma hata kichwa cha ukurasa. Nilipaka rangi, nikageuza kioo kutafuta jua kati ya mawingu. Nilitegemea maharage. Niliona vijiti, vifupi, vyekundu, vingi. Niliangalia upya, na safari hii haikuwa wasiwasi, ilikuwa ni kutotaka. Nikaenda wodini nikasema ni hemofilasi. Sista Candiru alinitazama akingoja lile neno langu la "labda". Halikuja, na hakunitania.

Walianza dawa ya kloramfenikol palepale. Nilikuwa narudi maabara wakati Mama Zubeda aliponiita.

"Wewe ndio ulikuwa na ile sanduku ya baridi."

Nikakubali.

"Mulikataa yeye. Sasa angalia."

Nilijua la kumwambia, na lilikuwa kweli, na kulisema kulikuwa kama kumpa mtu jiwe. Nilimwambia kwamba mdudu aliyemshika mwanawe si yule wa kiangazi. Ni mwingine. Hata kama tungemchoma siku ile, hata kama ingeshika, isingemzuia huyu. Sindano ile haikuwa yake.

Aliitikia kwa kichwa. Nilidhani amepata nafuu.

"Sindano yake iko wapi?"

Wakati ule Mzee Ezra alikuwa akiletewa majarida ya zamani na wamisionari wa hospitali ya Kuluva, na mimi niliyasoma yote, hata matangazo. Nilikuwa nimesoma kwamba katika nchi za mbali watoto wachanga wameanza kuchanjwa dhidi ya vijiti hivi, na kwamba wodi za huko zinaanza kuwa tupu. Ningeweza kusema sijui. Nimewaza mara nyingi kama ingekuwa huruma.

"Bado haijafika kwetu," nikasema.

"Kwa hiyo iko."

"Iko, mama. Iko mbali."

Aliangalia mlango wa wodi kama mtu anayepima barabara. Nadhani kama ningemtajia mji, angetoka kuzuia lori.

Yusufu aliishi. Homa ilishuka, utosi ukarudi chini, akaanza kunyonya. Baba yake alikuja na mkungu wa ndizi, akamgawia kila mtu, hata mimi. Walikuwa wanajiandaa kwenda nyumbani wakati Sista Candiru aliponiita nishike mtoto. Nilimkalisha mapajani, mama yake mbele akimchezea kwa kitambaa. Sista alipita nyuma yetu na bakuli la chuma na kijiko, akaligonga karibu na sikio la kulia. Mimi nilishtuka. Mtoto wa kitanda cha mbali aliamka akalia. Yusufu aliendelea kutazama kitambaa.

Akagonga upande wa kushoto.

"Ameshiba," Mama Zubeda alisema haraka. "Yeye kama ameshiba hapana sumbuka."

Sista aliweka bakuli chini. Alikaa kitandani karibu naye, akamweleza kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mama Zubeda hakulia. Alimchukua mtoto kutoka mapajani mwangu, akamwita kwa jina kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, kisha juu kidogo, kisha juu zaidi, hadi wodi nzima ikageuka isipokuwa yeye.

Sindano ile ilifika baada ya mwaka elfu mbili. Mzee Ezra hakuiona. Leo mnaichoma ikiwa imechanganywa na nyingine, mtoto hata hajajua kutabasamu vizuri, na akina mama wanalalamika juu ya benchi na juu ya homa ndogo ya usiku. Sikusimamia jambo hilo wala sikulileta. Nilichofanya ni kukaa dirishani nikaona vijiti vikipungua mwaka hadi mwaka, hadi ikapita misimu nikajiuliza kama macho yangu yamezeeka. Niliazima macho ya wengine. Nao hawakuviona. Ndiyo maana nimekuwa msumbufu kila mlipochelewa kwenda vijijini kwa sababu ya mvua au tairi. Ninyi mmerithi maji safi mkadhani ndivyo yalivyo.

Lakini kati ya siku ile na kufika kwa sindano kulikuwa na miaka, na ndani ya miaka hiyo nilipita Koboko kuchukua sampuli, nikauliza nyumba ya Mama Zubeda. Nilizunguka sana kabla ya kuingia, nikiwaza kama angependa kuniona. Alinikaribisha, akanipa kigoda na chai. Zubeda alikuwa shuleni. Mgongoni mama alikuwa na mtoto mpya, wa kike, umri kama wa Yusufu wa wakati ule. Mbele yake palikuwa na kinu, na ng'ambo ya uwanja Yusufu alikuwa anajenga kitu kwa matope, ametugeuzia mgongo.

Niliuliza anamwitaje. Alichukua mchi, akaupiga chini kwa nguvu, mpaka nikausikia kwenye kigoda. Yusufu aligeuka, akaja mbio, akasimama akituangalia midomo. Mama hakuwa na haja naye. Alimpa tonge, akamrudisha.

"Anasikia na miguu," alisema.

Tukanywa chai. Kisha akaniuliza bila ukali, kama mtu anayeulizia ndugu aliyesafiri.

"Ile sindano yake imefika?"

"Bado, mama."

Alimvuta mtoto mgongoni, akaikaza kanga, akasimama. Mahindi yalikuwa yanangoja. Alipoanza kutwanga, ng'ambo ya uwanja Yusufu aliacha matope yake akageuka, akidhani anaitwa. Akaona si yeye. Mchi ukashuka tena, na akageuka tena.